Mtunzi Asiyekufa: Uhakiki wa Picha Iliyotafutiwa Hakimiliki

Utangulizi

Mwaka 2018 mwanasayansi wa kompyuta wa Marekani, Stephen Thaler, aliiomba Ofisi ya Hakimiliki ya nchi yake iandikishe picha moja. Picha hiyo yaitwa A Recent Entrance to Paradise, jina ambalo kwa lugha yetu twaweza kulieleza kuwa ni kuingia Paradiso kwa siku za karibuni. Mahali pa kumtaja mtunzi Thaler hakuandika jina lake, wala la mtu mwingine awaye yote. Aliutaja mtambo wake uitwao Creativity Machine, akaeleza kwamba kazi ilifanywa na programu ya kompyuta yenyewe. Yeye alijitaja kuwa mwenye mali, kwa kuwa mtambo ni wake.

Katika makala hii tunakusudia kuihakiki picha hiyo pamoja na hukumu zilizotolewa juu yake. Huenda msomaji akauliza jarida la theolojia lina nini na shauri la wanasheria wa ng'ambo. Jibu letu ni kwamba shauri hili liliwalazimisha mahakimu kulijibu swali ambalo Kanisa linalo tangu zamani, yaani, mtunzi ni nani, na anadaiwa nini. Tena swali lenyewe limekwisha kufika mimbarini. Leo mchungaji aweza kuiagiza akili mnemba, ambayo wengine huiita akili bandia, imwandikie mahubiri ya Jumapili kabla chai yake haijapoa. Mwanafunzi aweza kuiagiza insha, na mwalimu wa kwaya aweza kuiagiza wimbo wa Pasaka.

Hoja tutakayoitetea ni hii: mtunzi si yule tu anayestahili kulipwa. Kwanza ni yule anayeweza kuulizwa. Kazi isiyo na mtu wa kuulizwa yaweza kuwa nzuri machoni, lakini bado haijawa neno la mtu kwa mtu.

1. Picha yenyewe

Mhakiki hana budi kuanza na kazi iliyo mbele yake. Picha ya Thaler yaonyesha njia ya reli ikielekea kwenye tao lililozungukwa na mimea mingi, majani mabichi na rangi ya zambarau. Mipaka ya vitu haiko wazi; jani na jiwe vinakaribia kuchanganyika, kama mtu aonavyo mambo anapoanza kusinzia. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: picha inavutia, na mtu asiyeambiwa asili yake angeweza kuitundika ukutani bila kuona haya.

Hata hivyo jina lake linadai zaidi ya kuvutia. Thaler ameeleza kwamba picha hii ni sehemu ya jaribio la kuigiza mambo yanayompata mtu aliyekaribia kufa, na kwamba mtambo huzichakata upya picha hata zifanane na njozi na hadithi ya maisha baada ya kifo. Hapo ndipo tunapoona udhaifu wake. Katika mapokeo ya Kikristo, waliochora au kuimba habari za Paradiso walikuwa watu waliokwisha kuzika. Mama aimbaye habari za mji ulio juu anamkumbuka mtoto wake. Mwizi pale msalabani aliahidiwa Paradiso naye yuko katika maumivu (Luka 23:43). Katika picha ya Thaler hakuna msafiri njiani, wala hakuna anayesubiriwa upande wa pili wa tao. Twaonyeshwa mlango, lakini hatuambiwi ni nani aliyefiwa.

Hatusemi kwamba uzuri usiotoka kwa mwanadamu hauna thamani. Ua la kondeni halina mtunzi mwanadamu, nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini ua halidai kutueleza habari za kufa. Anayetueleza habari za kufa tuna haki ya kumwuliza: wewe umezijuaje?

2. Hukumu na sababu zake

Ofisi ya Hakimiliki ilikataa kuiandikisha picha hiyo mwaka 2019, na Februari 2022 bodi yake ya mapitio ikaushikilia uamuzi huo. Thaler alikwenda mahakamani. Tarehe 18 Agosti 2023, Jaji Beryl Howell, aliyelisikiliza shauri huko Washington, aliamua kwamba utunzi wa mwanadamu ndio msingi wa hakimiliki. Tarehe 18 Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilikubaliana naye, katika hukumu iliyoandikwa na Jaji Patricia Millett.

Jambo la kuangaliwa ni njia iliyotumiwa na Mahakama ya Rufaa. Haikujaribu kueleza ubunifu ni kitu gani, wala kuamua kama mtambo unafikiri. Iliisoma Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1976, ikaona kwamba kila inapomtaja mtunzi sheria hiyo inamdhania mtu. Hakimiliki hudumu muda wa maisha ya mtunzi na miaka 70 baada ya kufa kwake. Mtambo hauna maisha ya kuhesabiwa hivyo. Haki fulani huwaangukia mjane na watoto. Mtambo hauachi mjane wala yatima. Ili haki ihamishwe yatakiwa sahihi. Mtambo hauna sahihi ya kutia. Sheria yataja pia uraia, makazi na nia, na mtambo hauna hata kimoja.

Sheria za kwetu zina sura hiyo hiyo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 huilinda kazi ya mtunzi katika maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Kwa maneno mengine, sheria haiwezi kupima muda wa haki ya mtunzi isipokuwa kwa kulitazama kaburi lake.

Mahakimu hawakukusudia kufundisha theolojia, wala si kazi yao. Lakini katika vifungu vikavu vya sheria wamemkuta mwanadamu yule yule wa Zaburi ya 90, ambaye siku zake zinahesabiwa. Zaburi hiyo, baada ya kusema mengi juu ya ufupi wa maisha, haiishii katika kukata tamaa. Inaishia kwa ombi kwamba Mungu azithibitishe kazi za mikono yetu. Ni yeye tu ajuaye kwamba atakufa awezaye kuomba hivyo, kwa maana ni yeye tu ambaye kazi yake itabaki nyuma yake. Mtambo uliochora Paradiso hauwezi kuingia wala kukosa kuingia. Huzimwa na kuwashwa.

Thaler alikuwa na hoja nyingine. Alisema kwamba, kama vile mwajiri anavyohesabiwa kuwa mwenye kazi ya mwajiriwa wake, ndivyo naye anavyostahili kuwa mwenye kazi ya mtambo wake. Mahakama haikuikubali. Kwa maoni yetu hoja hii ndiyo inayofichua kiini cha shauri lote. Thaler alitaka jina liende kwa mtambo na mali ije kwake. Hapo utunzi unapasuliwa vipande viwili: faida ina mwenyewe, dhamana haina. Iwapo kazi ya namna hiyo itamsingizia mtu, au itawapotosha watoto, mwenye mali atasema kwamba mtunzi ni mtambo. Nao mtambo hauitwi barazani.

Zipo nchi zilizofuata njia nyingine. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1988 husema kwamba mtunzi wa kazi iliyotokana na kompyuta ni mtu aliyefanya matayarisho yaliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inasema vivyo hivyo. Novemba 2023 mahakama moja ya Beijing ilimpa hakimiliki mtu aliyetengeneza picha kwa programu iitwayo Stable Diffusion, ikiona kwamba maagizo aliyoyachagua na kuyarekebisha yalionyesha ubunifu wake. Ofisi ya Marekani, kwa upande wake, ilieleza Januari 2025 kwamba maagizo peke yake hayatoshi. Hapo kabla, Februari 2023, ilikuwa imekigawa kitabu kimoja cha picha na maneno, Zarya of the Dawn: maneno na mpangilio vililindwa kwa kuwa ni kazi ya mtu, na picha za mtambo hazikulindwa.

Maamuzi haya yanapingana juu ya kiasi cha kazi kinachotosha kumfanya mtu kuwa mtunzi. Hata hivyo yanapatana katika jambo moja: kila moja linamtafuta mtu. Hata njia ya Kenya na Uingereza, ambayo twaiona kuwa legevu kwa kumwita mtunzi yule aliyepanga tu, angalau haituachi bila wa kuulizwa.

3. Deni ambalo hukumu haikuligusa

Tukiisha kuisifu hukumu, yatupasa kuonyesha mpaka wake. Mahakama ilisema ni nani asiye mtunzi. Haikuulizwa, kwa hiyo haikujibu, ni watu gani wanaodai. Maana mitambo ya akili mnemba ya siku hizi haiumbi kutoka pasipo kitu. Hufunzwa kwa vitabu, picha na nyimbo nyingi mno, na kila kimoja kati ya hivyo kilikuwa na mtu aliyekesha juu yake.

Madai ya watu hao yamekwisha kusikilizwa kwingine. Nchini Marekani waandishi wa vitabu waliishtaki kampuni ya Anthropic. Juni 2025 Jaji William Alsup aliamua kwamba kuifunza programu kwa vitabu kulikuwa matumizi halali, lakini kujiwekea maktaba ya nakala zilizoibwa hakukuwa halali. Baadaye mwaka huo kampuni ilikubali kulipa dola bilioni 1.5 ili shauri lipatanishwe, kiasi cha dola 3,000 hivi kwa kila kitabu katika vitabu vipatavyo 500,000. Novemba 2025, huko Munich, mahakama ya Ujerumani iliamua kwamba kampuni ya OpenAI ilivunja haki za watunzi wa maneno ya nyimbo tisa za Kijerumani, kwa kuwa programu yake ilikuwa imeyahifadhi na ikaweza kuyatoa tena.

Fedha hizo ni nyingi, lakini si deni lote. Kuna deni la jina. Tuchukue mfano kutoka katika Kanisa letu. Mwaka 1966 Mchungaji Bernard Kyamanywa alitunga wimbo wa Pasaka, Mfurahini, Haleluya, unaoimbwa kwa tuni ya Kitanzania. Wimbo huo ulivuka bahari. Mwaka 1969 Ulrich Leupold aliutolea maneno ya Kijerumani, na leo ni wimbo wa 116 katika kitabu cha nyimbo cha Makanisa ya Kiinjili ya Ujerumani. Chini yake limeandikwa jina la Kyamanywa, jina la mfasiri, mwaka, na habari kwamba sauti yake yatoka Tanzania. Wimbo umepita katika lugha na mikono mingi, lakini jina halikupotea, kwa sababu katika kila kivuko alikuwapo mtu aliyeona kwamba ni haki kuliandika. Mtambo haufanyi hivyo. Huyeyusha nyimbo elfu katika chungu kimoja na kupakua ya elfu na moja, na hakuna awezaye kusema hata beti zake zimetoka kwa nani.

Maandiko hayadharau jina la fundi. Katika Kutoka 31 Bwana anamwambia Musa kwamba amemwita Bezaleli kwa jina, na anataja baba yake, babu yake na kabila lake, kabla ya kutaja dhahabu, fedha na shaba atakazozifanyia kazi. Roho amejaza mtu mwenye ukoo. Vipaji vyake ni vya Mungu, lakini hilo halikulifuta jina lake. Ndilo lililolifanya liandikwe.

4. Luther na wapiga chapa

Huenda mtu akatukumbusha kwamba Injili haiuzwi, na kwamba Bwana aliwaagiza wanafunzi wake watoe bure kama walivyopokea bure (Mathayo 10:8). Je, si afadhali maneno yote ya Kanisa yawe mali ya wote, na mtambo uyatumie upendavyo? Kipingamizi hiki kina uzito, na twaweza kukipima kwa mfano wa Martin Luther mwenyewe.

Katika siku za Luther hakukuwa na sheria ya hakimiliki kama tuijuavyo. Ile ya Uingereza, inayotajwa mara nyingi kuwa ya kwanza, ilianza mwaka 1710. Luther hakudai malipo kwa vitabu vyake. Lakini mwaka 1525 sehemu ya muswada wa mahubiri yake iliibwa huko Wittenberg na kupigwa chapa mahali pengine kabla haijatoka kwa wapiga chapa wake. Alitoa onyo kali. Alikiri kwamba yeye amepokea bure na ametoa bure, na kwamba hatafuti faida. Lililomchoma ni kwamba kazi ya watu wengine ilinyang'anywa, na kwamba vitabu vilivyopigwa kwa haraka vilijaa makosa, hata asiweze kuvitambua kuwa ni vyake. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amekwisha kuweka alama mbili katika sehemu ya tafsiri yake ya Agano la Kale, mwana-kondoo na waridi lenye herufi za jina lake, ziwe ushahidi kwamba kitabu kimepita mikononi mwake.

Alama hiyo yatufaa sana katika swali letu. Haikuwa kufuli ya sanduku la fedha. Ilikuwa ahadi kwa msomaji, kana kwamba Luther amesema: kwa haya nitajibu mimi. Naye alijibu. Miaka minne kabla ya onyo lile alisimama mbele ya Kaisari huko Worms, vitabu vyake vikiwa mezani, akaulizwa kama ni vyake. Mtu asiyekuwa na alama ya kuweka hawezi kuulizwa swali la Worms.

Tena mwaka 1527 Hieronymus Emser, mpinzani wake, alitoa Agano Jipya lililochukua sehemu kubwa ya tafsiri ya Luther. Katika barua yake juu ya kutafsiri ya mwaka 1530 Luther alilieleza jambo hilo kwa dhihaka, wala hakudai fidia; aliona kwamba hata adui zake wanaieneza kazi yake. Basi hatuna budi kutofautisha. Kutoa bure ni tendo la mtu aliye na kitu na anayekiachilia kwa hiari. Kuchukuliwa bila kuulizwa ni jambo jingine. Ndiyo maana Katekisimo Ndogo, katika kueleza amri ya saba, haiishii katika kutuzuia tusiibe mali ya jirani. Yatuagiza tumsaidie aitunze na kuistawisha riziki yake. Mtunzi wa nyimbo asiye na mshahara naye ni jirani.

5. Mimbari

Tarehe 9 Juni 2023, katika kanisa la Mtakatifu Paulo mjini Fürth, Ujerumani, wakati wa mkutano mkuu wa Waprotestanti, ilifanyika ibada iliyotungwa karibu yote na akili mnemba. Aliyeitayarisha ni Jonas Simmerlein, mwanatheolojia wa Chuo Kikuu cha Vienna. Watu zaidi ya 300 walihudhuria. Kwa muda wa dakika 40 hivi sura za watu wasiokuwapo zilionekana katika kioo juu ya madhabahu, zikahubiri, zikaomba na kubariki.

Tukilitumia pima la mahakama katika ibada hiyo, twaona tatizo kubwa kuliko la hakimiliki. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 14, lasema kwamba asifundishe mtu hadharani katika Kanisa asipokuwa ameitwa kwa utaratibu. Wito hupewa mtu anayeweza kuukubali, kuuvunja, kuonywa na kusamehewa. Sura iliyo katika kioo yaweza kusema habari za kutoogopa mauti, lakini yenyewe haina mauti ya kuogopa. Mhubiri anayesema hivyo kando ya kaburi anajiweka rehani pamoja na wafiwa. Kama si kweli, amepotea pamoja nao.

Lakini tusiusingizie mtambo dhambi zilizokuwapo kabla yake. Yeremia aliwakemea manabii walioibiana maneno na kuyatoa kama ujumbe wa Bwana (Yeremia 23:30), wala hawakuwa na kompyuta. Mahubiri ya mtu mwingine yamesomwa mimbarini tangu zamani, na Luther mwenyewe alitayarisha postila ili kuwasaidia wachungaji wasioweza kuhubiri vema. Tofauti ni kwamba postila ilikuwa na jina lake, na aliyeisoma alijua ni ya nani.

Kwa hiyo hatudai kwamba mchungaji asiguse mtambo huo kabisa. Aweza kuutumia kama atumiavyo itifaki ya Biblia, kutafuta aya au kupanga mambo aliyokwisha kuyawaza. Twadai kwamba lolote atakalolisema mimbarini awe tayari kulijibia kama lake, mbele ya mzee wa kanisa atakayemwuliza Jumatatu, na mbele za Mungu siku ile.

Hitimisho

Kutokana na uhakiki huu twapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vyetu vimfundishe mwanafunzi kueleza waziwazi ni wapi amesaidiwa na mtambo, kama anavyotakiwa kueleza ni kitabu gani amekitumia. Asiyeweza kuitetea insha yake kwa mdomo asihesabiwe kuwa ameiandika. Pili, kwaya na sharika ziandike jina la mtunzi katika kila karatasi ya wimbo, hata kama mtunzi ni mkulima wa kijiji cha jirani aliyeutoa wimbo wake bure. Na pale jina lisipojulikana, liandikwe jina la watu ambao wimbo umetoka kwao. Tatu, Kanisa lisiwaachie wanasheria peke yao swali la mtunzi, kwa maana wao wanaweza kulijibu kwa habari ya mali tu.

Mahakama ya Washington imeamua kwamba mtambo si mtunzi. Imesema kweli, na sababu zake ni nzuri kuliko zilivyokusudiwa. Lakini uamuzi huo hauwezi kumfanya mchungaji awe mtunzi wa mahubiri yake. Hilo limebaki kwake mwenyewe, katika chumba chake, Jumamosi jioni, Biblia ikiwa wazi mbele yake na majina ya washarika wake moyoni.